Gari Iliyozimika na Bibi Harusi

Mi sijui kukaa. Mama alikuwa akisema nilizaliwa na pilipili chini ya nyayo, na hata leo nikiambiwa nisubiri, mkono unaanza kutafuta kitu cha kugonga. Tabia hiyo imenigombanisha na watu wengi. Mara moja tu ilileta faida, na siku hiyo nilikuwa nimekasirika kweli.

Tulikaa Dzaleka, kambi ya wakimbizi huku Malawi, sisi na watu wengine wengi wa Bukavu, Kongo. Mama alikuwa na cherehani yake mbele ya mlango. Papa alikuwa fundi wa umeme wa magari. Siku za kazi alilala Lilongwe, Mchesi, kwenye gereji ya Mmalawi mmoja mpole, na mwisho wa juma alirudi nyumbani akinuka petroli. Hakuwa mtu wa maneno. Kitu kimoja kilichomfanya aongee ni dereva anayepigia watu honi. "Honi ni tusi," alikuwa akisema. "Mtu muzima unamusalimia, unangoja apite. Huyu mwenye kupiga honi, mama yake hakumulea."

Rafiki yangu wa kwaya aliolewa pale kambini, na mi njo nilimshikia mkia wa gauni. Gari ilikuwa ya shemasi mmoja wa kwetu aliyehamia Area 49, mtaa wa Lilongwe: gari ya zamani sana, nyeupe, ya pua ndefu, aina ile ambayo Bukavu walipanda wakubwa wakati wazazi wetu bado watoto. Shemasi aliikuta imekufa nyuma ya nyumba ya mzee mmoja, nyasi zimeota ndani. Papa aliifufua waya kwa waya, na kwa kuwa harusi yetu sisi Wakongo bila kelele si harusi, shemasi akaomba iwekewe honi kubwa, mbili, kama za lori. Papa alinuna, lakini aliziweka.

Kwetu, mama wa bwana harusi njo anapokea bibi harusi. Anasimama mbele ya kanisa, gari inafika, anafungua mlango kwa mkono wake, anamshika yule binti na kusema, "Karibu, mtoto wangu." Hapo sasa amekuwa mtoto wa nyumba. Ukimpita bila mkono ule, hata mchungaji akisema nini, wamama watakuangalia vingine.

Siku ile shemasi alilalia honi tangu tulipotoka nyumbani. Wamama wanapiga vigelegele, watoto wanakimbia pembeni, mi na rafiki yangu nyuma tunacheka. Tulipofika karibu na bomba la maji, watu wamepanga foleni na ndoo zao, gari ikakohoa na kuzimika. Shemasi akawasha, starta ikaguna tu, betri imekwisha. Vijana wakataka kusukuma. Shangazi za bwana harusi wakakataa: bibi harusi hasukumwi kama toroli. Basi tukashuka. Rafiki yangu akatembea kutoka bombani mpaka kanisani, vumbi likapanda kwenye gauni mpaka magotini, na mi nyuma nimeshika mkia ule kama mjinga. Mama mkwe wake alikuwa amesimama mlangoni. Hakukuwa na gari, hakukuwa na mlango wa kufungua. Akamwangalia mkwewe toka kichwani mpaka viatuni, akageuka, akaingia ndani.

Mkono ule haukuja tena. Sufuria ikiungua, ni gari. Kuku akifa, ni gari. Mtoto alipochelewa kuja, ndio kabisa. "Alikuja kwa miguu, ataondoka kwa miguu," mama mkwe aliwaambia majirani, tena kwa sauti, rafiki yangu yuko pale pale anasonga nsima. Mume wake alikuwa mtu mzuri asiye na mdomo. Hatimaye familia ikaitisha kikao cha Jumapili, na kambi nzima ilijua ni cha nini: wanamrudisha kwa kaka yake.

Na gari yenyewe ikawa imezoea. Kila harusi ilizimika njiani, na kila mara shemasi aliirudisha Mchesi. Papa alibadilisha buji zote, zile plagi za kuwasha petroli. Akabadilisha bobini, ile chupa nyeusi inayotuma moto kwenye buji. Akasugua vipande vidogo vya ndani ya delko, kigawa-moto cha injini, kwa msasa mpaka vikang'aa. Gereji, ilinguruma kutwa bila hata kuyumba, harusini, inakufa. Shemasi akasema iko na pepo, akaiombea, akaipaka mafuta kwenye usukani. Papa hakucheka. Wateja walikuwa wameanza kumpita na kwenda kwa mafundi wengine, na usiku nilimsikia akimwambia mama kwamba pengine macho yake yamechoka.

Ijumaa kabla ya kikao sikuweza kukaa nyumbani. Nikaenda Mchesi, nikamkuta papa kichwa chini ya boneti ya gari ile ile. Nikamwaga hasira yangu yote pale: kwamba mtu anafukuzwa kwa sababu ya gari, kwamba yeye ni fundi wa namna gani. Papa akaniacha niseme. Halafu akasema, "Ingia, ukanyage mafuta kidogo. Nataka kuisikiliza."

Nikakaa kwenye usukani. Injini inaenda vizuri, tamu kabisa, na hiyo ikanizidishia hasira. Kwenye geti kijana wa kabaza, wale wa kubeba abiria kwa baiskeli, alikuwa ameegesha yake katikati, anapiga soga na muuza mandasi, na mwenye gari nyingine anangoja kutoka, kimya, kwa adabu.  Nikaona huyu kijana ananitania mi binafsi. Nikaweka kiganja chote kwenye honi na kukilaza pale, kama vile shemasi alivyofanya siku ya harusi.

Injini ikakohoa, ikazimika.

Papa akainua kichwa taratibu. "Umefanya nini?"

"Nimepiga honi tu. Yule kijana..."

"Muache kijana. Washa tena. Upige tena."

Nikawasha. Nikapiga. Ikazimika. Kijana wa kabaza alikuwa ameshaondoa baiskeli na anatuangalia.  Papa alishika waya wa honi kwa vidole viwili, akaufuata kama mtu anayefuata mchwa, ukapita chini ya betri, ukazunguka, ukaenda kuishia kwenye bobini. Honi mbili za lori zilikuwa zinanyonya umeme kwenye waya ule ule mwembamba wa kuleta moto kwenye buji. Ukipiga kidogo, gari inavumilia. Ukipiga kama kwenye harusi, moto unakosa. Na kwa kuwa papa hapigi honi, na pale gereji hakuna aliyepiga kwa heshima yake, hakuna aliyeliona kosa hilo.

"Ni mjinga gani aliunganisha hivi?" nikauliza.

Papa akanionyesha kiungo. Juu ya utepe mweusi kulikuwa na uzi mwekundu umezungushwa na kukazwa. Ni uzi wa cherehani ya mama. Papa peke yake njo alikuwa akifunga viungo vyake hivyo, ili utepe usiachie na joto.

Alikaa kwenye tairi kuukuu. Nilisikia huruma mpaka nikakosa pa kuweka mikono. Nikamwambia atengeneze basi, yaishe, hakuna haja mtu kujua. Shemasi atasema pepo limetoka, kila mtu atafurahi.

"Na yule binti?" papa akauliza. "Yeye pepo lake litatoka na nani?"

Hakuutengeneza waya pale. Akaweka mfukoni waya mnene, fusibo ya kulinda waya na relei ndogo, ile swichi ya kupitisha umeme mkubwa, akamwomba shemasi gari, na Jumamosi tukashuka Dzaleka. Akasimamisha gari mbele ya nyumba ya mama mkwe. Yule mama akatoka na kitenge chake cha kupikia, uso umefungwa. Papa akavua kofia.

"Mama, samahani. Nakuomba uingie, upige honi. Upige sana."

Nafikiri alikubali ili tuondoke. Akapiga. Gari ikafa. Papa akafungua boneti, akamwita ashuke, akamwonyesha uzi mwekundu.

"Hii waya ni mimi niliiweka. Na niliiweka vibaya. Mukwe wako hakutembea juu ya mkosi, alitembea juu ya kosa yangu."

Watu walikuwa wamejaa. Papa akakata kiungo chake mbele yao, akapitisha waya mnene moja kwa moja kutoka betri, akafunga relei, jasho linamdondoka, akawasha injini. "Sasa, mama, ingia tena, rudilia." Mama mkwe akapiga, honi ikalia mpaka mbwa wakaitika, na injini ikaendelea kunguruma kama haihusiki. 

Rafiki yangu alikuwa ametoka jikoni, mikono ina unga. Akafungua mlango wa nyuma, akakaa.

"Papa," akamwuliza papa yangu, "siku ile tulikuwa tumefika wapi?"

"Kwenye bomba, mwanangu."

"Basi tuanzie pale."

Mama mkwe bado alikuwa kwenye usukani. Papa akamsaidia kusogea kiti cha pili, na yeye akasogea. Mi nikaingia nyuma. Tukaenda mpaka bombani, foleni ya ndoo kama kawaida, na hapo papa, mtu wa honi ni tusi, akaweka kiganja kwenye honi na kukilaza. Alipiga njia nzima. Mi nililia.

Kanisa lilikuwa limefungwa, halina ibada siku hiyo. Papa akasimamisha gari mlangoni, akaacha injini ikienda. Nikashika kitasa ili nishuke, nimfungulie rafiki yangu.

"Kaa," rafiki yangu akaniambia.

Nikakaa. Yeye hakugusa mlango wake. Aliweka mikono yake yenye unga juu ya mapaja, akaangalia mbele, na sisi wote tukangoja, hata papa, hata watoto waliokuwa wamekimbia nyuma ya gari. Mama mkwe aliangalia kanisa kwa muda mrefu. Halafu akashuka, akazunguka gari, akavuta mlango. Ulikuwa mgumu, akauvuta tena.

"Karibu, mtoto wangu," akasema, na kuupokea ule mkono na unga wake.