Nani Atampiga Kiwiko?

Fomu ninayo hadi leo, na neno nililolikata kwa kalamu nyekundu linaonekana. Nakwambia mapema kwa sababu najua utacheka. Kazi yangu ni kuwalaza watu kwa nusukaputi kabla hawajapasuliwa, hapa Kahama, na mimi si mtu wa kuamini mambo ovyo. Ila hili lilinipata mimi mwenyewe, saa nne asubuhi, jua linawaka.

Kabla ya kumlaza mtu lazima nimhoji. Wako watu ambao koo lao hujiziba wakilala: anakoroma, pumzi inakatika, anashtuka, anaendelea. Nyumbani hiyo ni kero tu. Mezani kwangu, dawa ikishamlegeza, anaweza asishtuke tena. Kwa hiyo napima shingo kwa futi ya fundi cherehani, naulizia presha, naulizia kusinzia mchana. Halafu nauliza swali ambalo mgonjwa mwenyewe hana jibu lake: kuna mtu aliyewahi kukuona umeacha kupumua usingizini?

Baba Holo alikuwa mchimbaji wa dhahabu, shingo nene, na henia aliyoipata kwa kubeba viroba vya mawe. Kila swali alijibu hapana, hata sijamaliza kuuliza.

"Hukoromi kabisa?"

"Sikoromi, daktari. Na nalala peke yangu, nani atasema?"

Nikaandika "hapana". Nilitakiwa kuandika "haijulikani", lakini nilikuwa na wagonjwa wengine watano, na njaa juu.

Nilipotoka, kwenye benchi la barazani alikaa mama mmoja mwembamba, kitenge cha kijani, miguu ina vumbi. Akapiga goti kunisalimu kwa Kisukuma, akiniita mama.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, mama."

"Mie ndo mama Holo. Huyo baba kakudanganya. Anakoroma mpaka bati linaitika, halafu kimya. Mie nahesabu. Nikifika ishirini nampiga kiwiko hapa." Akagusa ubavu wake wa kushoto. "Akishavuta pumzi, naanza tena kuhesabu. Sasa mayu, kesho ukimlaza wewe, nani atampiga kiwiko?"

Wewe ungejibu nini? Mimi nilisema nitampiga mimi. Akasema, "Wabeja," asante ya Kisukuma, nami nikaingia ndani kurekebisha fomu. Nilipotoka tena benchi lilikuwa tupu. Sikushangaa, nilijua ameenda kunywa chai.

Tukabadilisha mpango na daktari wa upasuaji. Badala ya nusukaputi, sindano ya mgongo: mgonjwa anakufa ganzi kuanzia kiunoni kushuka, mwenyewe yuko macho. Kesho yake, daktari akiwa anashona, Baba Holo akapitiwa na usingizi bila dawa yoyote ya usingizi. Akakoroma. Halafu kimya. Namba za kifaa cha kidoleni, kinachopima hewa kwenye damu, zikaanza kushuka. Nikamwinua taya kwa mkono mmoja, na wa pili nikaupeleka ubavuni kushoto, sijui hata kwa nini. Pale pale palikuwa na alama ya kuvilia damu, mbichi, upana wa ncha ya kiwiko. Nikasukuma. Akavuta pumzi, akafumbua macho.

Jioni wodini nikamuuliza ile alama ni ya nini.

"Naamka nayo kila siku. Nadhani ni mawe."

"Mshukuru mkeo. Asingeniambia, tungekulaza kabisa."

"Daktari, mama Holo tulimzika Ushirombo. Mwaka wa tatu huu."

Nikakaa kitandani kwake. Akaeleza kwa sauti ya chini kwamba kambini ukijulikana unakabwa usingizini, wenzako wanasema umerogwa, hawakubali kushuka na wewe duarani, yaani kwenye shimo la dhahabu, na bila shimo hana chakula. Siri hiyo aliijua mkewe tu. Kisha akauliza, "Ulimwonaje?"

"Amechoka," nikasema. Ndiyo ukweli. "Macho ya mtu asiyelala."

Akajifunika shuka usoni akalia, na mimi nikalia naye.

Nilimuuliza mlinzi wa getini, nikamuuliza mfagizi, nikamuuliza hata muuza chai. Hakuna aliyemwona mama wa kitenge cha kijani. Bado nauliza. Baba Holo alihamia kwa binti yake, Holo, ambaye nilimfundisha kumlaza baba yake kwa ubavu na kumwamsha akinyamaza. Aliporudi kutolewa nyuzi niliinua shati lake. Ile alama ilikuwa imeanza kufifia.

Kwa hiyo wewe, siku ukiulizwa kama unakoroma, sema ukweli na uache aibu. Na kama unalala peke yako, halafu unaamka ubavu unauma bila sababu, usilaumu godoro. Njoo hospitali upesi. Kuna mtu anahesabu, na amechoka.