Fyuzi Niliyoificha Nyuma

Kuna siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa wewe bado unabebwa mgongoni nami sijaota mvi. Naandika mapema kwa sababu naogopa kusahau.

Ufundi wa redio za magari nilijifunza peke yangu hapa Garsen, kwa kutazama video kwenye simu. Nilikuwa na ugonjwa wa kutaka kila kitu kinyooke. Mzee Komora, mkulima wa mpunga, aliponiletea gari lake nimfungie amplifaya na spika kubwa, waya mnene wa kutoka kwenye betri niliulaza chini ya zulia kama mtu anayedarizi kofia. Fyuzi yake, ile inayokata umeme waya ukipata hitilafu, pale kando ya betri ilinichafulia kazi. Nikaipeleka nyuma, karibu na amplifaya, isionekane. Na pale waya ulipopenya kwenye bati la mbele, lile linalotenga injini na viti, sikuweka mpira wa kuukinga. Nani angepaona?

Siku chache baadaye mkazamwana wa Mzee alishikwa na uchungu, wakamkimbiza hospitali ya Hola kwa gari hilo. Mashimo ya njiani yakausugua waya kwenye bati hadi ukachubuka. Moshi ukatoka chini ya dashibodi. Fyuzi ya nyuma haikusaidia kitu. Ingesaidiaje, na moto ulikuwa kati yake na betri? Dereva aliruka, akachomoa kichwa cha betri kwa kanga. Mama yule akamaliziwa safari na wapita njia wenye gari, nusura ajifungulie barabarani.

Asubuhi yake Mzee akanijia.

“Kijana, waya zako zimenyooka kuliko mistari ya mpunga wangu,” akasema. “Hebu niambie, maji ya shamba hufungiwa wapi?”

“Mdomoni mwa mfereji, Mzee, kule yanakotokea.”

“Na wewe umeyafungia wapi?”

“Kwenye jaruba la mwisho.”

“Na mfereji ukibomoka katikati?”

“Yatamwagika kabla hayajafika nilikoyafungia.”

“Mjukuu wangu mzima,” akasema. “Ana sauti kuliko hiyo spika yako. Haya, chukua spana.”

Mwanangu, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kabla hujagusa waya, chomoa betri. Fyuzi iweke karibu na betri, shibiri moja ukiweza, hata kama sura yake inakukera. Iwe ya kiasi cha umeme ambao waya wako unaweza kubeba. Ikikatika usitie kubwa zaidi, tafuta kwanza kilichoikata. Waya ukipenya kwenye bati uvishe mpira, japo kipande cha tyubu ya baiskeli. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mimi niliudharau mpira.

Ugonjwa wangu sijapona. Bado nakagua kila skrubu mara tatu, ila sasa naanza na mahali ambapo mwenye gari hatapaona kamwe.

Mungu akuzibie ufa usiouona, mwanangu, na kila apandaye gari ulilolishika afike kwao salama.