Biskuti za Kakao na Asali ya Babu

Kipupwe pale kwetu Itigi kilinukia moshi wa kuni na nta. Nta ilitoka chumba cha nyuma, alikohifadhi Babu vifaa vyake vya kurinia asali, na hata baada ya yeye kufariki harufu ile haikuondoka. Nilikuwa darasa la nne, nikiishi na Bibi pamoja na mama mdogo Rehema, binti yake wa mwisho, aliyeacha kazi ya mgahawani Dodoma ili aje akae na mama yake. Msimu ule Bibi aliacha kula. Hakuwa mgonjwa, mwenyewe alisema amechoka tu. Uji aliusogeza pembeni mpaka ukafanya utando. Majirani walipoleta mchuzi wa kuku aliwashukuru vizuri kwa Kinyaturu, na walipoondoka akatupa sisi. Kanga aliyokuwa akijifunga kila siku ikaanza kumpwaya, na mama mdogo akawa hacheki tena.

Jumamosi moja mama mdogo alirudi kutoka dukani na pakiti za biskuti, kakao na siagi. Alisema mgahawani walikuwa wakitengeneza kitu kitamu kisichohitaji kuokwa, laini, hata asiye na hamu atakimeza. Mimi nilipewa kazi ya kuvunja biskuti. Nilizitia kwenye mfuko nikazipondaponda kwa chupa, nikiachia vipande vikubwa kidogo kama nilivyoagizwa, huku nikilamba vumbi lake vidoleni. Yeye aliyeyusha siagi juu ya makaa machache, akakoroga kakao na maziwa ya unga mpaka jikoni kote kukanukia utamu ambao sikuwa nimewahi kuunusa. Ndipo alipofungua kopo la sukari akakuta limebaki tupu.

Asali ilikuwepo, debe la mwisho alilorina Babu, lakini tangu msiba hakuna aliyethubutu kuligusa. Mama mdogo alisimama mlangoni pa chumba cha Bibi kwa muda, kisha akaomba kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa nyuma yake, nimeshika mwiko. Bibi aligeuka kitandani akatutazama.

"Chukueni," alisema. "Baba yako hakuirina ili ikae."

Tulichota, tukachanganya, tukamwaga biskuti humo. Nilikuwa bado nakoroga nilipomwona Bibi amesimama jikoni, ameshikilia ukuta, akisema harufu imemfuata hadi kitandani. Aliomba mwiko, akalamba, akafikiri.

"Asali haijatosha, Rehema. Mmeogopa nini?"

Akaongeza kwa mkono wake mwenyewe. Mama mdogo aligeukia moto akajifanya anapuliza makaa, ingawa siagi ilikuwa imekwisha kuyeyuka zamani. Hatukuwa na friji, kwa hiyo tulishindilia mchanganyiko kwenye sufuria pana, tukaufunika sahani na kuuweka dirishani upepo wa baridi uugandishe. Jioni ile Bibi alikaa nasi jikoni, akatusimulia jinsi Babu alivyorudi kutoka porini mara ya kwanza uso umevimba kwa nyuki, na yeye, bibi harusi mpya, akashindwa kumtambua. Tulicheka sana. Asubuhi tulikata vipande kwa kisu cha mboga. Bibi alikula kimoja na chai, akaomba kingine, na mchana akauliza kama kuna ugali.

Siku hizi naishi Singida mjini, na wanangu hutengeneza biskuti hizi wanapofunga shule. Friji huzigandisha upesi, sukari haikosekani, kakao ipo kila duka. Wanakula wamesimama, wanajifuta mikono kwenye nguo, halafu wanatoka mbio kucheza. Zamani nilitamani wakae nami kidogo niwasimulie. Siku hizi nawaacha waende, kwa kuwa nasi asubuhi ile, treni ilipopiga honi stesheni, mimi na mama mdogo tulitoka mbio na midomo imejaa kwenda kuitazama, na Bibi akabaki peke yake, akikwangua sufuria kwa kijiko, ameridhika.