Shomoro Waliofika kwa Shangazi Mwamini

Nilitoka Mwanza kwa sababu ya ndege. Shangazi yangu Mwamini, mshonaji wa Gisenyi nchini Rwanda, alinipigia simu akifoka: "Shomoro yenu ya Tanzania imefika huku! Imefukuza inyamanza yangu. Kuja uibebe!"

Inyamanza ni yule ndege mweusi na mweupe anayetikisa mkia. Sisi wa ukoo wa Wagesera hatumgusi. Akitua kwenye kiwanja, unajenga kwa amani. Wa shangazi alikuwapo tangu nyumba ikiwa msingi tu.

Rusumo, mpakani, niliwaona shomoro wakidonoa mahindi chini ya malori. Kigali walijaa kwenye kituo cha mafuta. Kwao si huku, sawa, lakini nani aliwaleta kama si malori yetu, maduka yetu na makombo yetu? Halafu eti wavamizi! Kila kituo nilizidi kukasirika.

Gisenyi niliingia mchana, nikapanda pikipiki hadi nyumbani kwa shangazi.

"Karibu, mutoto wa kaka. Ona!" Jana yake fundi alikuwa ameziba kwa simenti kila tundu chini ya bati. "Sasa shomoro ilale inje!"

Juu ya bati inyamanza alikuwa akienda na kurudi, kiwavi mdomoni.

"Shangazi, si ulisema amefukuzwa? Yule anampelekea nani chakula?"

Akamwita fundi, jirani yake.

"Mi niliambiwa funga, nilifunga," fundi alisema, hata haya hana.

Nilimnyang'anya patasi nikavunja mwenyewe simenti ya tundu alipokuwa akizunguka inyamanza. Ndani makinda wake watatu walikuwa wamekufa. Wallahi nilimtukana mbele ya shangazi yangu. Mtu huchungulii kwanza? Macho umepewa ya nini?

"Usimutukane," shangazi alisema akilia. "Ni mi nilimutuma. Mi, Mugesera!"

Njiani kurudi nilikaa dirishani, sikutaka maongezi na mtu. Rusumo shomoro walikuwa palepale chini ya malori, wanakula. Nilijifunza kwamba shomoro huchukua nafasi tu, ila kuua tuliua wenyewe, kwa simenti, na bado nina hasira.

Nikiwa Mwanza, shangazi alipiga simu tena. Shomoro wameingia kwenye tundu nililolizibua.

"Nije niwatoe?"

"Apana, iache. Mi sifungi tundu tena."

"Na inyamanza?"

Nilisikia cherehani yake ikisimama.

"Haiko," alisema.