Maganda Yaliyolala Kwenye Siki

Msomaji wangu, nivumilie kwanza kwa mwandiko. Shule niliiacha gredi ya saba, na Kiswahili hakikuwa somo hapo; nilikiokota mdomoni mwa Nyanya. Ukikuta herufi imekaa pasipo pake, isogeze tu uendelee. Naandika polepole, ukurasa mmoja unanimalizia Jumapili nzima. Lakini jambo hili nimelibeba tangu nikiwa na miaka kumi na moja, na nimechoka kulibeba kimya.

Wiki iliyopita nilinunua chipsi kule Malvern, Jules Street. Msichana wa dukani akazimwagia siki zikiwa bado moto. Mvuke ulinipanda puani, na pale pale nikawa nimesimama tena kwenye ua wetu wa Bellevue, mwaka 2016, miguu peku, vidole vimekunjamana kwa maji.

Unazijua zile nyumba. Zilijengwa kwa familia moja, sasa kila chumba kina familia yake na bomba ni moja. Sisi tulikaa chumba cha nyuma: Nyanya, mama yangu aliyeshinda mjini akisuka watu nywele, na mimi. Nyanya alikuja kutoka Kivu akikimbia risasi, na kazi aliyoipata huku kusini ikawa kuosha maganda ya risasi. Mzungu mmoja mzee, ambaye wote walimwita Oom, yaani mjomba, alikuwa akiyaleta kwa magunia kwenye pikapu yake. Aliyaokota uwanja wa shabaha, pale walinzi wanapojifunzia, na yakishang'aa aliyajaza baruti upya. Nilimuuliza Nyanya kama hayaogopi. Akasema, "Ganda limeshapiga kelele zake. Sasa ni chombo tu, kioshe."

Tuliyachambua kwanza, yaliyopasuka mdomo tukayatupa kando. Kisha beseni la maji moto, chumvi, sabuni na siki kidogo. Saa hatukuwa nayo, kwa hiyo Nyanya alipima kwa sala. Baba Yetu mbili na Salamu Maria moja, halafu toa, suuza, anika kwenye bati juani. Sala hazikuwa za haraka, alizisali kweli, macho amefumba, na mimi nikimchungulia. Yakishakauka tuliyatia kwenye foronya pamoja na magunzi ya mahindi yaliyotwangwa. Yeye akashika ncha moja, mimi nyingine, tukaibembeza kama mtoto mchanga, shaka-shaka, shaka-shaka, mpaka mabega yaume. Ukiimwaga foronya, shaba inatoka ya manjano, safi, kama mahindi mapya. Jioni tulikula pap, ugali wa huku, na sombe, kisamvu cha kwetu, mikono bado inanuka siki, na nilidhani watu wote duniani chakula chao kinanukia hivyo.

Sasa nikwambie kuhusu mama mmoja, jirani wa chumba cha mbele. Alihamia kwetu wakati wa baridi. Alikuja kuomba chumvi, Nyanya akampa. Alikuja kuomba beseni, Nyanya akampa. Alikuwa akisimama mlangoni petu akitutazama tukibembeza foronya, akicheka: "Nyinyi mnacheza tu, halafu mnakula!"

Jumamosi moja Oom alikuja bila magunia. Wanawake wote walikuwa bombani wakifua. Aliongea Kiingereza, na Nyanya Kiingereza hakijui, kwa hiyo mkalimani nilikuwa mimi, mtoto ambaye hata kujibu salamu ilikuwa taabu.

"Anasema nini?" Nyanya akauliza.

"Anasema maganda yanapungua. Anasema unawauzia matsotsi, wale majambazi."

"Nani kamwambia?"

Oom hakungoja nitafsiri. Alinyoosha kidole kwenye mlango wa mbele. Jirani alikuwa amesimama pale, anatafuna kitu, wala hakuacha kutafuna.

Oom akapindua godoro letu. Akamwaga unga wa pap sakafuni. Hakupata kitu. Kisha akasema neno jingine. Nyanya akanigusa bega. "Sema, mwanangu."

"Anasema ufungue kitenge."

Alikifungua, mbele ya ua mzima, akabaki na gaguro. Hakikuanguka kitu. Oom hakusema pole. Alilibeba gunia letu la mwisho akalipeleka chumba cha mbele, na ndivyo kazi ilivyohama. Nyanya alikifunga kitenge upya, akakifungua, akakifunga tena.

Maneno yale niliyatamka kwa mdomo wangu. Hilo ndilo lililonikaa.

Siku ya tatu yule mama alinikuta nachota maji. Akainama, sauti ya sukari. "Kasichana, hebu niambie. Nyanya yako alikuwa anayaacha kwenye siki muda gani?"

Sikuwahi kumdanganya mtu mzima. Niliangalia ndoo.

"Mpaka asubuhi, mama."

"Mpaka asubuhi! Na maji anatia kiasi gani?"

"Hatii maji. Siki tupu."

"Asante, mwanangu. Wewe si kama nyanya yako."

Niliibeba ndoo bila kumwaga hata tone.

Kesho yake asubuhi jirani alipiga ukelele. Maganda yote yalikuwa mekundu, rangi ya waridi iliyochakaa, kama ngozi iliyoungua. Siki ikikaa mno huila shaba ya manjano, na ganda likiliwa hivyo haliwezi kujazwa tena, litapasuka. Oom alipofika alichukua moja, akaligeuza, akalitupa. "Eish, mama! Hizi zimekufa. Gunia zima!"

"Ni yule mtoto!" jirani akapayuka. "Yule ndiye kaniambia niyaache mpaka asubuhi!"

Ua wote ukanigeukia. Nyanya akatoka na ufagio mkononi. "Mtoto huyu hata mimi hanisemeshi mpaka nimbembeleze. Leo amekutolea wewe hotuba?" Wanawake wakacheka mpaka mmoja akakaa chini.

Ndani, akafunga mlango. "Ulimwambia mpaka asubuhi?"

Nikatikisa kichwa kukubali, nikingoja kofi.

Nyanya, mwenye sala zake zote, akaangalia dirishani kidogo. "Ungesema siku mbili," akasema.

Kazi haikurudi kwetu. Oom alinunua mashine ya kuyazungusha maganda, pikapu haikuja tena. Jirani alihama kabla ya mwezi kwisha, watu walisema yuko mtaa wa Alexandra. Ua ule sasa umewekewa geti na bati letu limeng'olewa. Nyanya tulimzika miaka miwili baadaye, na hakuna aliyekuwa amemwambia Oom ukweli. Wengine husema ukilipa kisasi moyo unatua. Wangu ulitua asubuhi moja tu, nikiyaangalia yale mekundu, na asubuhi hiyo naipenda mpaka leo, sitadanganya. Lakini jina la Nyanya bado limebaki pale bombani, limevuliwa kitenge.

Kwa hiyo naomba mniandikie. Kama uliishi ua ule na uliona, andika ulichokiona. Na kama ni wewe, mama wa chumba cha mbele, sikuombi radhi na wala sitaki yako. Nataka mstari mmoja kwa mkono wako, kwamba Nyanya hakuchukua hata ganda moja. Nasoma polepole, lakini huo nitausoma.