Mtoto wa Watu

Harufu ya pasi ya mkaa inapotua juu ya kitambaa kilichonyunyiziwa maji haifanani na nyingine yoyote. Ndani yake kuna moshi kidogo, kuna joto la pamba, na kuna kitu kama chapati inayokaribia kuungua. Niliinusa tena mwaka huu nyumbani kwangu Mikumi, baada ya miaka mingi ya pasi ya umeme, ambayo hainuki kitu mpaka siku inapoharibika.

Aliyeileta pasi hiyo ni Upendo, binti wa kaka yangu, ambaye siku hizi anatengeneza filamu. Filamu yenyewe inamhusu mfanyakazi wa ndani aliyeitumikia nyumba moja mpaka akaota mvi, na Upendo anataka tuyaone ya moyoni mwake. Aliniomba sebule ya kupigia picha, na kwa kuwa nimesoma chuo kikuu na nina maoni juu ya kila jambo, akanipa na cheo cha mshauri. Cheo hicho kilinipa haki ya kukaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya kamera na kunyamaza.

Mwigizaji alipiga pasi shati moja, akaliacha, akasogea dirishani, akatazama nje. Akatazama sana. Huko nje kulikuwa na barabara kuu, malori yakielekea Iringa, na nyani mmoja juu ya ukuta wa jirani aliyekuwa akimtazama yeye. Upendo akasema safi sana, kisha akanigeukia.

"Shangazi, unaonaje?"

"Shati litaungua," nikasema.

Vijana wake wakacheka. Yeye hakucheka. "Mimi nakuuliza ya moyoni, Shangazi. Nyie si mlikuwa na dada wa kazi miaka yote ile? Alikuwa anawaza nini?"

Badala ya kuhutubia, nikainuka nikaiondoa pasi juu ya shati. Naweza kukusimulia jinsi Mwanaidi, dada wetu huyo, alivyokuna nazi huku akiguna wimbo usio na maneno, na jinsi alivyokuwa akikupiga kofi la mgongoni kabla ya kukupa kipande cha muhogo, kana kwamba anakugonga mhuri. Lakini alichokuwa anawaza nilikiona mara moja tu, na wala sikukiona kwetu Kilosa. Nilikiona Kidete.

Tuliishi kwenye nyumba za reli, baba akiwa karani wa stesheni. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa milimani, zao la shule za misheni, mwanamke aliyeweza kulinyamazisha darasa zima kwa kuvua miwani. Mwanaidi nilimkuta nilipozaliwa. Sote tulimwita Dada: mimi, kaka yangu, baba, hata mama, ingawa Dada alimzidi mama umri. Wageni nao walimwita Dada. Nadhani hata kuku waliamini kwamba hilo ndilo jina lake.

Likizo moja ya mwezi wa sita, mdogo wake, Athumani, alishuka kwenye treni akiwa na habari. Rehema, binti wa marehemu dada yao, alikuwa ameposwa. Kwa watu wa kwao mtoto ni wa ukoo wa mama, na mama yake Rehema hakuwepo tena duniani, kwa hiyo aliyebaki kuwa mama ni Mwanaidi. Asipokaa yeye mkekani, mshenga hapewi jibu, hata akija na kijiji kizima nyuma yake.

Mama akavua miwani. Usimdhanie ukatili. Hofu yake ilikuwa moja, na alimwambia baba waziwazi akiamini kwamba watoto hawana masikio: "Akienda, harudi." Kwa majirani wengi ilikuwa hivyo. Msichana anaaga anakwenda harusini, anaondoka na kifurushi kidogo, na huko huko anapotelea. Na mama alikuwa na darasa la saba la kuandaa kwa mtihani, na nyumba ambayo hakujua chumvi yake inakaa wapi.

Kesho yake alikuja na ufumbuzi. "Nenda, Dada," alisema, kwa ile sauti ya upole ambayo wanafunzi wake waliiogopa kuliko fimbo. "Ila nenda na Neema. Yuko likizo, naye akatembee."

Dada alinitazama mimi, akamtazama mama, akafungua khanga yake kiunoni na kuifunga upya. "Haya, Mwalimu," akasema.

Nilijivuna kupita kiasi. Watoto wote wa nyumba za reli walipata taarifa kwamba nimealikwa kwenye shughuli, na kwamba ni mimi peke yangu.

Tulipanda daraja la tatu, kati ya magunia na kuku waliofungwa miguu. Reli ilifuata mto Mkondoa kila ulikopinda, milima ikasogea karibu na madirisha, na kadiri Kilosa ilivyobaki nyuma, Dada alibadilika. Alianza kuongea Kisagara na mwanamke mwenye kuku. Kisha akacheka. Hakucheka kama nyumbani, pale alipoficha mdomo kwa upande wa khanga. Alicheka kwa kichwa chote, akipiga paja la mwenzake, nami nikagundua kwamba ana mwanya. Nilikuwa nimekula mkononi mwake maisha yangu yote na sikujua kwamba ana mwanya.

Pale Kidete walikuja kutupokea mbio. "Mama Mkubwa kaja! Mama Mkubwa!" Mfuko wake ukachukuliwa, akaletewa kigoda, akaletewa maji ya kunawa. Nami nikakaa kando yake, miguu nimeibana vizuri, nikisubiri soda.

"Neema, umekaa?" akaniuliza. "Wenzako wanaosha vyombo."

Nilidhani ananitania. Hakuwa ananitania. Nilikwenda mtoni na Rehema na wenzake, nikarudi na nusu ndoo na gauni lililolowa mpaka kiunoni, kisha nikakabidhiwa sufuria yenye ukoko.

"Mama Mkubwa," Rehema aliita huku akicheka, "huyu wa mjini anasugua sufuria kama anaibembeleza ilale!"

"Mfundishe," Dada alijibu bila kugeuka. "Kwao yupo wa kumsugulia."

Mshenga alikuja asubuhi iliyofuata. Alikuwa Mzee Mrisho, amevaa koti zito juu ya kanzu, jasho likimtiririka kwa heshima ya siku. Walitandika mkeka. Athumani na wazee wawili walikaa upande mmoja, Dada akakaa katikati, nami nikawekwa nyuma yake na ungo wa maharage ya kuchambua. Rehema alikuwa ndani, ila mlango haukufungwa vizuri, na niliuona mguu wake.

"Tumekuja kwa heri, mama," mzee alianza. "Kijana wetu anatafuta jiko."

"Majiko yako sokoni Kilosa," Dada akasema. "Nimeyaacha juzi tu, ya bati, mapya kabisa."

Watu wakaangua kicheko. Mzee naye akacheka, kwa kuwa kucheka ni sehemu ya kazi yake. "Sisi tunataka linaloongea."

"Hili linaongea mno, mtaliweza? Haya, kijana mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko Ruhembe, kwenye miwa. Kijana wa kazi haswa."

"Na akishaoa, mwanangu atakaa wapi?"

Hapo mzee alijisogeza mbele kama mtu anayefunua sinia la pilau. "Hapo ndipo penye raha, mama. Tajiri wake ana chumba cha uani, anampa bure. Na mke wa tajiri anatafuta msichana wa kazi ndogondogo za nyumbani. Kwa hiyo wote wawili tayari wana kazi!"

Mimi niliona ni habari njema, nikatabasamu. Athumani alikuwa ameinamisha kichwa.

"Kazi ndogondogo," Dada akasema.

"Ndiyo, mama. Ndogo kabisa."

"Naijua." Aliongea taratibu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia jikoni kwetu. "Nimeifanya tangu huyu nyuma yangu hajazaliwa. Ni watu wazuri, siwasemi vibaya. Ila sufuria za kule siwezi kuzihamisha rafu bila kuuliza. Mzee wangu, hata nikiota niko jikoni kwangu, nikitazama rafuni naona sufuria za Mwalimu."

Upendo, kama unayasoma haya, kamera yako ungeiweka hapo.

"Kijana wenu simkatai," aliendelea. "Ajenge hapa Kidete kwanza. Chumba kimoja na jiko la nje vinatosha. Mwanangu apange vyombo vyake anavyopenda, hata akivipanga ovyo. Siku hiyo njoo, nitakuchinjia jogoo."

"Mama, hilo litachukua muda."

"Mimi nimesubiri zaidi."

Mzee Mrisho alijifuta jasho, akamtazama Athumani apate msaada, akaukosa. Mwishowe akasema atawafikishia ujumbe wenzake. Pale mlangoni mguu wa Rehema ulikuwa ukichezacheza kama wa mtu anayesikia ngoma.

Siku ya kuondoka Dada alinisuka nywele, kisha Athumani akatuongoza nyuma ya nyumba. Kulikuwa na chumba kipya cha tofali za kuchoma, bado kinanukia udongo. "Umewaambia wenzio wajenge," alisema, "na sisi tumekujengea wewe. Basi kaa, dada yangu. Rehema anahitaji mama, na nyumba hii inahitaji mkubwa."

Dada aliingia. Alipapasa ukuta kwa kiganja, akapima kwa macho mahali pa kitanda, akaweka mfuko wake sakafuni. Kisha akauokota.

"Leo siwezi," alisema. "Nina mtoto wa watu."

Moyo wangu ulifura kwa furaha. Nilijua maana yake: ananipenda kuliko chumba.

Kilosa tulimkuta mama amesimama stesheni, jambo la ajabu, maana Mwalimu hakuwa mtu wa kupokea treni. Alimkumbatia Dada kwanza, halafu mimi. Jioni, jikoni, Dada alimwambia: "Mwalimu, mtoto wako huyo, mzima. Nitakaa mpaka darasa la saba wamalize mtihani, ili usihangaike. Baada ya hapo nakwenda kwangu."

"Kwako wapi, Dada?"

"Kidete. Nina chumba."

Mama akavua miwani, ila Dada hakuwa mwanafunzi. "Basi uende ukapumzike," mama akasema. "Neema atakusindikiza tena kama..."

"Usinipe tena, Mwalimu," Dada akasema huku akigeuza ugali. "Safari hii ukinipa, simrudishi."

Mama alicheka. Kisha akaacha kucheka.

Alipoondoka nililia, lakini nilikuwa na faraja yangu: alitaka kunichukua. Faraja hiyo niliibeba sekondari, nikaibeba chuo kikuu, nikamsimulia hata mume wangu kama ushahidi kwamba mimi ni mtu wa kupendeka. Mpaka nilipokuwa na nyumba na watoto wangu, na msichana wetu wa kazi akaomba ruhusa ya kwenda kwao. Jirani yangu, mtu mwema, alinishika mkono. "Mruhusu," akaninong'oneza, "ila mpe mtoto mmoja aende naye. Atarudi tu."

Nilikaa chini. Shahada yangu yote haikuwa imenifikisha pale jirani aliponifikisha kwa sentensi mbili. Sikuwa mgeni kule Kidete. Nilikuwa kufuli, na funguo zilibaki Kilosa. Na Dada alilijua hilo tangu pale alipoifunga upya khanga yake. Aliniagiza nioshe vyombo kwa sababu kule, kwa mara moja, mimi ndiye niliyekuwa kwa watu.

Mama sasa ni mzee, anaishi nami hapa Mikumi. Upendo na vijana wake walipoondoka, nilimfuata uani, alipokuwa akichambua mchicha.

"Mama, Kidete ulinipeleka niwe dhamana?"

"Ulikuwa likizo," akasema, bila kuinua macho.

"Mama."

Alichambua majani kadhaa zaidi. "Yeye alijua?"

"Alijua kabla hatujatoka nyumbani."

Akaacha mikono yake juu ya ungo na kutazama upande wa Kilosa, ambako hakuna cha kuona isipokuwa vilima.

"Na akakurudisha," akasema mama. "Tena umesukwa nywele."