Bunduki ya upepo ya Mama Mafuru: ya zamani inanuka sangara, mpya haipati hata kizibo

Wakuu, hamjambo humu ndani? Muda mrefu nimekuwa nasoma nyuzi zenu kimyakimya, leo na mimi naleta langu. Ninachoandika nimekishika kwa mikono hii, na kipande chake kimoja bado kinanuka.

Kwanza mnijue. Naitwa Magesa, mtoto wa Bugwema. Shule niliishia darasa la sita. Akili ilikuwepo, miguu ndiyo iligoma kukaa. Nimepakia dagaa Mwigobero, nimeziba pancha Bunda, nimechunga ng'ombe za watu Butiama. Popote nilipopita nilikuwaga na ugonjwa mmoja: nikiona kitu kina skrubu, silali mpaka nijue ndani kuna nini.

Sasa hivi niko na Mama Mafuru wa Kitaji, pale Musoma. Ni mjane, ana mchezo wa shabaha. Tunazunguka nao minadani.

Mchezo wenyewe ni rahisi. Kuna ubao, kuna kamba, kwenye kamba vinaning'inia vizibo vya soda. Unapewa bunduki ya upepo na risasi tatu. Ukipiga vizibo vitatu unachagua zawadi: sabuni, kanga au sufuria.

(Kibali kipo, kinakaa kwenye bahasha ya kaki, na kituoni wanamjua. Wale wa "vipi kuhusu sheria mkuu" mpumzike.)

Mnajua wenye michezo hii wengi wanapinda mtutu kidogo ili mteja akose. Marehemu mume wa Mama Mafuru hakutaka kusikia hayo. Aliweka desturi: kabla ya kufungua biashara, mwenye mchezo anapiga risasi tatu mbele ya watu wote, kwa bunduki ileile atakayompa mteja. Vizibo hivyo aliviita vya kiapo. Akipiga vyote vitatu, biashara imefunguliwa. Mama Mafuru ameirithi bunduki na kiapo, na mimi sikuwahi kumwona akikosa.

Shida ikaanza pale bunduki ya marehemu ilipochoka. Ni ya chuma na mbao, ya kukunja. Ukikunja mtutu, springi inabanwa. Ukifyatua, springi inasukuma pistoni, pistoni inasukuma upepo, upepo unatoa risasi. Sasa risasi ikawa inatoka kivivu, inagonga kizibo na kizibo hakitikisiki.

Mama akanunua mpya. Kiwanda kilekile, nembo ileile. Jina silitaji, sitaki kesi.

Wakuu, ile mpya ilikuwa nzuri kwa macho! Kitako cha plastiki cha kijani, darubini juu, kimkanda, na sehemu ya kubandika tochi. Nilijiuliza nani anawinda vizibo gizani.

Tukaenda nayo mnada wa Butiama. Watu wamejaa. Mama akapiga kiapo cha kwanza. Akakosa.

Cha pili, akakosa.

Cha tatu kikagonga ubao, mbali na kizibo, yaani kama mtu amepiga akiwa amegeukia kwao.

Mbele kabisa alikuwa amesimama Nyamhanga, mfanyabiashara wa mbuzi, mtu ambaye mdomo wake unafika mnadani kabla ya mbuzi zake.

"Mama Mafuru!" akapaza sauti. "Leo mtutu mmeupinda mpaka wewe mwenyewe umekushinda?"

Watu wakacheka. Mama hakucheka. Alifunga turubai bila kumwuzia mtu hata risasi moja, maana bila kiapo hakuna biashara.

Msimamizi wa mnada akatufuata wakati tunapakia. Akaongea kwa heshima, lakini aliongea. "Mama, watu wameshaanza kusema unawaibia. Mnada ujao ukikosa tena, nafasi hii nitawapa watu wa mchezo wa kurusha pete. Mimi sina jinsi."

Njiani kurudi Mama alisema maneno machache tu. "Baba Mafuru ameacha vitu viwili, bunduki na jina. Bunduki imechoka. Jina ndiyo hilo umelisikia."

Ndugu zangu, maneno hayo yaliniuma kuliko kelele zote za Nyamhanga.

Kesho yake asubuhi nikaishika ile mpya. Nikautikisa mtutu pale kwenye bawaba. Unacheza kushoto kulia kama jino la mtoto wa darasa la kwanza! Kila ukikunja, unarudi mahali pengine. Hata ungekuwa na macho ya mwewe utapiga nini hapo? Darubini nayo ilikuwa inalegea kila risasi ikitoka.

Nikatafuta skrubu nibane. Hakuna. Wamepiga ribiti, wamefunga moja kwa moja. Yaani kiwanda kimekuambia mapema: ikiharibika, tupa.

Nikawaandikia email, kwa msaada wa simu kutafsiri. Nikaeleza mtutu unacheza. Baada ya siku nne wakajibu kwa upole sana. Wakanishukuru. Wakasema vipuri vya bunduki za zamani hawatengenezi tena, siku hizi wameelekea kwenye bidhaa nyepesi, za kisasa, za burudani ya familia, na kwamba mwaka huu kuna rangi ya chungwa pia. Mwisho wakaniomba niwape nyota, moja hadi tano.

Nilichouliza ni mtutu, nilichojibiwa ni rangi.

Hapo udadisi ukanipanda kichwani. Nikakumbuka kule Bunda bosi wangu wa zamani, Fundi Masatu, ana bunduki ya kiwanda hichohicho, ya katikati: mpya kuliko ya marehemu, ya zamani kuliko hii ya kijani. Yeye anafukuzia ndege kwenye mpunga wake, na yake ina kibali pia. Nikabeba za kwetu zote mbili pamoja na bahasha, nikaenda.

Tukazilaza mezani zote tatu. Wakuu, ilikuwa kama kuangalia picha tatu za mtu anayezidi kuumwa.

Ya marehemu: mbao ngumu, skrubu za kutosha, chuma mpaka kifyatuo.

Ya Masatu: kwa nje mbao, ila laini, imepakwa rangi ifanane na ngumu. Skrubu mbili tu. Kifyatuo plastiki.

Ya kijani: mmeshaijua.

"Unaona?" Masatu akasema. "Hawakuharibu siku moja. Walikuwa wanapunguza kidogokidogo, wanaangalia kama tutagundua."

"Na tumegundua."

"Tumegundua tukiwa tumeshanunua, bwana mdogo."

Tukaifungua ya marehemu. Ilifunguka kwa bisibisi moja, kwa adabu, kama mzee anayevua koti. Ndani springi nzima, chuma kinang'aa. Kitu kimoja tu kilikuwa kimekufa: washa ya ngozi, ile ya kuzuia upepo usivuje, kwenye kichwa cha pistoni. Ilikuwa imekauka, imepasuka kama kisigino cha kiangazi, upepo wote unavujia hapo.

"Hizi washa kiwandani hawatengenezi tena," nikasema. "Wameniandikia."

Masatu akanitazama kwa huruma. "Magesa, wewe umefanya kazi hapa miezi mingapi? Pampu ya baiskeli ina nini ndani?"

Nikaitazama pampu yake pale pembeni.

"Ina nini?"

"Washa ya ngozi, fundi."

"Na Mkoa huu wa Mara umeishiwa ng'ombe?"

Nilijiona mjinga, lakini mjinga mwenye furaha. Nikakata ngozi kwa fundi viatu, nikaikunja kama kikombe, nikaibana kwenye pistoni. Masatu aliniambia jambo moja la mwisho: "Ilainishe na mafuta kidogo." Sikuuliza mafuta gani.

Hapo ndipo nilipokosea. Kwa bibi yangu Bugwema kila kitu kilichokauka kilikuwa kinapakwa mafuta ya sangara: visigino, mikanda, bawaba za mlango. Nikaenda Mwigobero, nikapata chupa ndogo, nikailoweka ile ngozi usiku kucha. Asubuhi ilikuwa laini kama ulimi. Nikafunga bunduki. Ilikuwa siku ya mnada, hatukuwa na muda wa kujaribu.

Butiama, mchana kweupe. Watu walikuwa wengi kuliko mara ya kwanza, maana maneno yalishatembea. Msimamizi yupo. Nyamhanga yupo, mbele, na mbuzi wake nyuma yake.

Mama akalenga kizibo cha kwanza, akafyatua.

PAAA!

Sio ule mlio wa kawaida wa upepo. Mlio wa bunduki kabisa! Moshi mweupe ukatoka mdomoni mwa mtutu. Risasi ikapita juu ya kamba ikazama kwenye ubao. Mbuzi wa Nyamhanga wakatawanyika kila mmoja na njia yake, na mgambo wawili wakaja mbio.

"Nani kapiga? Nani kapiga?"

Mama akawaonyesha bunduki, mimi nikawaonyesha bahasha. Mgambo mmoja akainusa bunduki. Akainusa tena.

"Mama, mbona hii inanuka sangara wa kukaanga?"

Mama akageuka polepole. "Magesa. Umeweka nini humu?"

Wakuu, pale ningeweza kudanganya. Watu wote wananiangalia. Lakini nikakumbuka lile jina. Nikasema ukweli kwa sauti: washa nimetengeneza mimi, mafuta nimeweka mimi, mafuta ni ya sangara. (Baadaye Masatu alinieleza kuwa upepo ukibanwa ghafla unapata joto, na mafuta yakiwepo yanawaka humohumo.)

Kicheko kilichotoka pale nadhani kilifika Musoma.

Mama akainua mkono. "Jamani, kiapo kimeharibika. Nitapiga risasi kwenye udongo mbele yenu mpaka moshi uishe. Halafu naanza upya, tatu. Asiyekubali aseme sasa."

"Mimi sikubali!" Nyamhanga alikuwa anarudi, mbuzi wawili kawashika masikio. "Subirini kwanza niwafunge hawa!"

Wakasubiri. Halafu Mama akaanza kupiga chini, na mnada mzima ukawa unahesabu. Moja, PAA. Mbili, paa. Tatu, nne. Ilipofika ya tisa moshi ukaisha, mlio ukawa ule wa zamani, mkavu na mfupi. Harufu ndiyo haikuisha.

Mama akakunja mtutu, akalenga.

Kizibo cha kwanza: ting!

Cha pili: ting!

Nikajua tumepona. Lakini cha tatu Mama hakupiga. Akamgeukia Nyamhanga, akamkabidhi bunduki. "Wewe ndiye uliyesema nimeupinda mtutu. Ya tatu piga wewe."

Nyamhanga akafuta mikono kwenye suruali. Akapokea. Akalenga muda mrefu mpaka watu wakaanza kumwuliza kama amelala.

Ting!

Yule jamaa alirukaruka kuliko mbuzi wake. Mama akampa sufuria, ingawa sheria ya mchezo haikumpa. Msimamizi akatuachia nafasi yetu, na watu wa mchezo wa pete wakaenda kutandika kule mwisho.

Tangu siku hiyo kiapo kimebadilika. Mbili anapiga Mama, ya tatu anapiga yule anayelalamika kuliko wote. Foleni ya walalamikaji sasa ni ndefu, ila wote wanataka sufuria.

Ya kijani ipo kabatini Kitaji. Darubini tu ndiyo tuliitoa, Nyamhanga akaiomba. Anaangaliaga mbuzi wa wenzake kutoka mbali kabla hajaenda kuomba apunguziwe bei.

Nilichojifunza mimi niliyeishia la sita ni hiki. Kile kiwanda hakikukosa mafundi. Kilikosa desturi ya kumpa mlalamikaji risasi ya tatu. Wangempa mtu mmoja mwenye mdomo kama Nyamhanga ile ya kijani, apige mbele yao kabla hawajaipeleka dukani, wangejua mtutu unacheza. Badala yake waliniomba nyota.

Niliwapa mbili. Moja kwa ajili ya bunduki ya marehemu, nyingine kwa upole wa email.

Haya, uwanja wenu. Nani mwingine ana kitu cha zamani kinachofunguka kwa bisibisi, na kipya cha kiwanda hichohicho kilichomtia aibu mbele za watu? Mwageni hapa. Na anayejua mafuta sahihi ya washa ya ngozi aniambie, maana bado kila mnada tukifika paka ndio wateja wetu wa kwanza.